Bei ya Kila Mteja na Sababu Yake

Kwa miaka 18 bei za duka letu la jumla la vifaa vya ujenzi, lililopo Ndeeba, Kampala, kwenye barabara iendayo Masaka, zilihifadhiwa mahali pawili tu: katika daftari kubwa lenye jalada jekundu, na katika kumbukumbu ya Hajati, mkuu wetu wa mauzo. Daftari lilikuwa na ukurasa kwa kila mteja wa kudumu. Juu ya ukurasa liliandikwa duka lake na mji wake, uwe Kasese, Arua, Kabale au Butembo huko Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, na chini yake zikafuata bei zake za saruji, nondo, mabati, misumari, rangi na vitasa. Ziliandikwa kwa penseli, zikafutwa na kuandikwa tena mara nyingi hata karatasi ikachakaa mahali pa nondo, kwa kuwa bei ya nondo ndiyo iliyobadilika kuliko zote. Mteja akifika kaunta, keshia alimgeukia Hajati, Hajati akataja bei, na biashara ikaendelea.

Mwaka 2023 Hajati alikwenda Umra kwa majuma matatu, na hapo ndipo tulipotambua jinsi tulivyomtegemea. Daftari lilikuwepo, lakini hakuna aliyelielewa kwa ukamilifu. Kurasa nyingine zilikuwa na bei mbili kwa bidhaa moja bila maelezo. Nyingine zilikuwa na alama ya nyota. Nyingine hazikuguswa tangu bei za kiwandani zilipopanda. Mteja wa Arua aliuziwa mabati kwa bei ya rejareja, akalipa bila neno, kisha hakurudi kwa miezi minne. Haji, mwenye duka, aliponiita ofisini, aliniambia kwamba bei za wateja lazima ziingie kwenye kompyuta kabla Hajati hajasafiri tena. Mimi nilikuwa mhasibu msaidizi, na kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimekwisha kusimamia stoo na ankara zetu katika Odoo, programu ya kibiashara ambayo asili yake ni Ubelgiji na ambayo hutumiwa na maduka ya ukubwa wetu kwa kuwa mtu anaweza kuanza na sehemu chache na kuongeza nyingine kidogo kidogo.

Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya kaunta yetu. Mfanyabiashara wa Butembo, dereva wa lori wa Arua na keshia wetu kutoka Bombo hawana lugha nyingine inayowaunganisha wote watatu, na mazungumzo yote ninayoyasimulia hapa yalifanyika kwa lugha hii.

Nilianza kazi nikiamini kwamba ni kazi ya kunakili. Katika programu ile kila mteja huwekewa orodha ya bei, na kila orodha huwa na kanuni zake. Kanuni inaweza kutaja bei iliyofungwa, au kutoa punguzo la asilimia, au kukokotoa bei kuanzia kwenye msingi fulani, kama bei ya kawaida ya kuuzia, gharama ya kununulia, au orodha nyingine ya bei. Kwa kuwa daftari lilikuwa na bei kamili, nilichagua bei zilizofungwa. Nilikaa jioni kwa jioni kwa muda wa mwezi mzima nikiingiza namba za Hajati, mteja mmoja baada ya mwingine, na nilipomaliza nilikuwa na maelfu ya mistari. Haji alifurahi. Mimi pia nilifurahi, kwa siku chache.

Kisha kiwanda kikapandisha bei ya nondo. Nondo ya milimita 12 tuliyokuwa tukiinunua kwa shilingi 41,000 sasa ilitugharimu 44,500, na mteja mmoja ambaye bei yake ilifungwa kwenye 43,500 alichukua vipande 600 kabla sijafika kwenye mstari wake. Tulipoteza 1,000 kwa kila kipande, yaani shilingi 600,000 katika asubuhi moja. Daftari la Hajati lisingefanya kosa hilo. Bei iliyoandikwa humo ingekuwa ileile ya zamani, lakini Hajati angeifuta kichwani mwake kabla ya kuifuta kwa penseli. Nilikuwa nimehamisha namba na kuiacha nyuma akili iliyokuwa ikizisimamia.

Ndipo nilipomwomba Hajati muda wake. Kila siku baada ya sala ya alasiri, kaunta inapotulia kidogo, tulikaa kwenye benchi la nyuma ya ghala na daftari lile magotini, tukisoma ukurasa mmoja mmoja, na kwa kila bei nilimuuliza swali moja tu: kwa nini? Mwanzoni swali hilo lilimuudhi. Alidhani ninamkagua. Baada ya siku tatu nne alianza kulipenda, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilijifunza mengi zaidi kwenye benchi lile kuliko kwenye maelezo yote ya programu niliyoyasoma.

Ilibainika kwamba bei nyingi, ambazo kwangu zilionekana kama mamia ya makubaliano tofauti, zilitokana na sababu chache zilizochanganywa kwa vipimo mbalimbali. Sababu ya kwanza ilikuwa wingi wa mzigo. Ya pili ilikuwa ni nani anayegharimia usafiri, kwani aliyekuja na lori lake hakupaswa kulipa sawa na yule tuliyempelekea mzigo hadi Kabale. Ya tatu ilikuwa namna ya kulipa: fedha taslimu, pesa za simu, hundi, au deni la siku 30. Ya nne ilihusu kodi na mpaka. Zile alama za nyota zilimaanisha mteja anayejichukulia mzigo mwenyewe, na bei mbili za bidhaa moja zilikuwa bei ya taslimu na bei ya mkopo. Hajati alikuwa na mfumo kamili, uliokaa kichwani bila kuandikwa. Nilipoutambua huo, niliona kwamba hatukuhitaji orodha kwa kila mteja hata kidogo. Tulihitaji orodha chache za makundi, na kwa kila mteja tuandike sababu zinazomhusu, ili bei itokane nazo yenyewe.

Zilibaki bei ambazo hazikutoshea popote. Ukurasa wa mama mmoja mwenye duka Kasese ulionyesha mabati kwa bei ambayo ilikuwa karibu sawa na gharama yetu. Hakuchukua mzigo mkubwa, tulimpelekea sisi wenyewe, na mara nyingi alilipa kwa mkopo. Nilimwambia Hajati kwamba bei hii haina sababu, na kwamba mashine ingempa nyingine iliyo juu zaidi. Alinyamaza kitambo.

“Mwanangu, hiyo usiiguse,” alisema.

Kisha akanieleza. Mei 2020 mto Nyamwamba ulipofurika Kasese, duka la yule mama liliingia maji na nyumba za majirani zake zikabomolewa. Barabara zilikuwa za shida na nchi ilikuwa imefungwa kwa ajili ya korona. Alimpigia Hajati simu, akamwambia kwamba watu wanataka mabati na hawana fedha, na yeye mwenyewe amepoteza bidhaa zake nyingi. Hajati alimwandikia bei ya gharama papo hapo bila kumuuliza Haji, akiamini kwamba baada ya miezi michache ataipandisha. Hakuipandisha. Kila alipofika ukurasa ule aliukumbuka mto, akaugeuza.

Nilikaa na jambo lile siku kadhaa. Ningeweza kuliita kosa la kibiashara, maana kwa miaka mitatu tulikuwa tumeuza mabati hayo bila faida na Haji hakujua. Lakini sikuweza kuliona hivyo, na bado siwezi. Kilichonihangaisha ni kwamba wema ule haukuwa na jina wala tarehe. Ungeweza kufutwa na karani yeyote asiyejua, kama ambavyo mimi nilikuwa karibu kuufuta, au kuendelea milele bila mtu yeyote kuamua kwamba uendelee. Tulimweleza Haji wote wawili. Hakukasirika. Aliuliza tu yule mama anaendeleaje sasa, kisha akasema bei ibaki hadi mwisho wa mwaka, iandikwe kuwa ni msaada wa duka, na mwezi Desemba tumpigie simu. Kanuni za bei katika programu huwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, nafasi mbili ambazo katika mwezi wangu wa kunakili nilikuwa nimeziacha wazi kwenye kila mstari. Tangu siku hiyo hatujaweka punguzo la mtu binafsi bila tarehe ya mwisho.

Baada ya kuzijua sababu, ilinibidi niamue bei zikokotolewe kuanzia wapi, na hapa nilikosea tena. Niliona ni busara kuanzia kwenye gharama: programu inaijua gharama ya wastani ya kila bidhaa, basi iongeze asilimia ya mteja, na nondo ikipanda bei kiwandani bei zote zitapanda zenyewe. Kwa nondo na saruji, ambazo tunazinunua hapahapa nchini, mpango huu ulikwenda vizuri. Kwa vitasa na bawaba zinazotoka China kupitia Mombasa na Malaba, ulituumiza. Kontena likipokelewa, stoo huingiza mzigo kwa bei ya ankara ya msambazaji, na gharama ya wastani hubadilika dakika hiyohiyo. Nauli ya meli, ushuru wa forodha, malipo ya wakala wa mizigo na lori la kutoka bandarini huletwa kwa ankara nyingine, ambazo mara nyingi hufika siku kadhaa baadaye. Katika siku hizo za kati programu iliamini kwamba kitasa kimetugharimu kidogo kuliko ukweli, na bei kwenye kaunta zikashuka zenyewe. Ankara za nauli zilipoingizwa, bei zilipanda ghafla. Mteja aliyenunua Jumatatu aliporudi Ijumaa alitutazama kama watu wanaocheza naye.

Suluhisho tulilolipata ni la mkono, na ninalitetea hadi leo. Tuliweka bei elekezi moja kwa kila bidhaa, ambayo Hajati na mimi huipitia kila Jumamosi tukiwa na gharama kamili mbele yetu, na punguzo lote la wateja hukokotolewa kutoka kwenye bei hiyo. Kompyuta hufanya hesabu za wateja mamia kwa wakati mmoja, lakini uamuzi wa kwamba bei ya kitasa sasa imepanda ni wa mtu. Gharama ilipaswa kubaki kama sakafu tu, ili bei yoyote isishuke chini yake. Nilidhani sakafu hiyo ningeiweka kwenye nafasi ya faida ya chini iliyomo katika kanuni yenyewe. Nilipoijaribu, bei za wateja zilikataa kushuka hata kidogo. Ilinichukua siku nzima kuelewa kwamba nafasi ile hupima faida juu ya msingi wa kanuni, na si juu ya gharama. Msingi wetu ulipokuwa bei elekezi, nilikuwa nikiiagiza mashine itoe punguzo na wakati huohuo iuze juu ya bei elekezi. Niliiondoa, na badala yake tukaweka zuio kwenye oda: mstari wowote ulio chini ya gharama hausongi mbele bila idhini ya Haji au Hajati.

Nitaje pia kwa kifupi ugomvi wa asilimia, kwa sababu nimeona maduka mengine wakiuingia bila kujua. Haji alipokuwa akisema “faida ya asilimia 10”, alimaanisha kwamba katika kila shilingi 100 za mauzo, 10 zibaki. Kitu kilichogharimu 90,000 alitaka kiuzwe 100,000. Mimi nilikuwa nimeandika asilimia 10 juu ya gharama, inayotoa 99,000. Tulizungumza kwa wiki mbili tukikubaliana kwa maneno na kutofautiana kwa namba. Sasa hatutaji asilimia bila kusema ni asilimia ya nini.

Makosa yaliyofuata yalitokana na mimi kudhani kwamba mashine hufikiri kama Hajati. Hajati, mteja akistahili mapunguzo mawili, alichagua lililo bora kwa mteja au aliyajumlisha kidogo kwa hisani. Programu hufuata kanuni moja tu, na haichagui iliyo nafuu. Huchagua iliyo mahususi zaidi. Kanuni ya bidhaa moja huishinda kanuni ya kundi la bidhaa, na kanuni ya kundi huishinda ya bidhaa zote. Zikiwa za ngazi moja, yenye kiwango kikubwa cha wingi hutazamwa kwanza. Tulikuwa na mteja mwenye punguzo la asilimia 6 kwa kundi zima la mabati, nasi tukaongeza kwa nia njema punguzo la asilimia 4 kwa bati la geji 30, kama ofa ya mwezi. Ofa ile ilimpandishia bei. Alituuliza amekosa nini, na swali lake lilikuwa la haki.

Wingi nao hupimwa mstari kwa mstari. Mteja akinunua mifuko 300 ya saruji, nusu iende Mukono na nusu Entebbe, keshia mwangalifu atagawa oda katika mistari miwili ya mifuko 150, na punguzo la mifuko 200 litatoweka bila onyo. Tulilazimika kuwafundisha makeshia waandike mzigo kwenye mstari mmoja na kugawa wakati wa kupakia.

Lakini kosa lililonifunza kuliko yote katika sehemu hii lilikuwa la kipimo. Hajati alizungumza kwa tani: “Wa tani tano kwenda juu, mpunguzie elfu moja na mia tano kwa kipande.” Katika programu, nondo zetu zimesajiliwa kwa vipande. Niliandika 5 kwenye nafasi ya wingi wa chini, na kwa siku mbili kila fundi aliyeingia kununua nondo tano za kumwaga lenta ya dirisha aliuziwa kwa bei ya mnunuzi wa jumla. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa kilo 10.66 hivi, kwa hiyo tani moja ni takriban vipande 94 na tani tano ni kama 470. Namba sahihi ilikuwa 470, na mimi niliandika 5. Hakuna mashine ambayo ingejua tofauti hiyo. Nilipochapisha orodha zote na kumpa Hajati azisome kwa sauti, aliligundua kosa katika dakika moja. Nilijilaumu kwa kuwa sikuwa nimempa karatasi ile mapema.

Kodi ilihitaji uangalifu wa aina yake. Kodi ya Ongezeko la Thamani nchini Uganda ni asilimia 18, na bei za kaunta yetu huwa zina kodi ndani yake, kwa hiyo kitu cha 118,000 kina kodi ya 18,000. Bidhaa zinazosafirishwa nje ya nchi hutozwa kwa kiwango cha sifuri, mradi kuwe na ushahidi kwamba zimevuka mpaka. Katika daftari, bei za wateja wa Butembo zilikuwa zimekwisha kuondolewa kodi, na Hajati aliona hilo ni wazi mno kiasi cha kutoliandika. Nilipoziingiza kama bei nyingine zote, programu ilidhani kodi imo ndani, ikaiondoa kwa mara ya pili. Ndoo ya rangi ya 118,000, ambayo mteja wa Butembo alistahili kuipata kwa 100,000, ikatoka kwa 84,746.

Mteja mwenyewe ndiye aliyetuambia. Lori lake lilikuwa limeshapakiwa nusu aliporudi kaunta na karatasi mkononi, akasema, “Hii bei iko chini sana, mama, muangalie vizuri.” Angeweza kuondoka. Kwa miaka mingi Hajati alikuwa amemtendea haki bila kuandikiana, naye siku hiyo akatutendea haki hiyohiyo. Nilimshukuru mbele ya makarani wote, na ninamshukuru tena hapa.

Kurekebisha kosa lile hakukuwa kufuta kwa penseli. Tangu Januari 2021 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi hiyo wanatakiwa kutoa ankara na risiti kupitia mfumo wa EFRIS wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda, na ankara ikishatoka humo haifutwi wala kuhaririwa; ni lazima uombe hati ya krediti, yaani hati ya kuitengua ankara ile, kupitia mfumo huohuo, kisha utoe ankara mpya. Wafanyabiashara wengi wa Kampala waliulalamikia mfumo huo, na mwezi Aprili 2024 maduka mengi ya katikati ya jiji yalifungwa kwa siku kadhaa kwa kuupinga. Malalamiko yao nayaelewa. Kwa upande wa kazi hii ninayoisimulia, lakini, mfumo huo ulitulazimisha tuwe na hakika ya bei kabla ya kubonyeza, na si baada ya kupakia.

Kuhusu kukadiria senti sina mengi. Hakuna anayelipa shilingi 26,549, kwa hiyo tuliamuru bei zikadiriwe kwa mia iliyo karibu. Nilichohitaji kujua ni kwamba programu hukadiria baada ya punguzo na kabla ya kuongeza malipo ya ziada. Bati la 27,800 lenye punguzo la asilimia 4.5 hufika 26,549, likakadiriwa kuwa 26,500, na ikiongezwa nauli ya 350 linakuwa 26,850. Kama nauli ingeongezwa kwanza lingekuwa 26,900. Tofauti ya shilingi 50 kwa bati ni 20,000 kwa mabati 400, na mteja wa mabati 400 huzihesabu. Tulifanya nauli zote ziwe mamia kamili, na jambo likaisha.

Kabla ya kuwasha orodha mpya nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya tangu mwanzo. Nilichukua ankara zote za mwezi uliopita, nikapitisha kila mstari kwenye kanuni mpya, na kuweka bei ya zamani na mpya sambamba katika jedwali. Mahali zilipolingana hatukupagusa. Zilipotofautiana, Hajati na mimi tuliuliza ni nani aliyekosea. Mara nyingi nilikosea mimi. Mara chache daftari lilikuwa limekosea, na kulikuwa na wateja wawili waliokuwa wakitozwa zaidi ya wanavyostahili kwa zaidi ya mwaka, kwa sababu tu walikuwa wapole na hawakuuliza. Tuliwapigia simu, tukawaambia, na tukawarudishia tofauti kwa bidhaa. Haji alisita kidogo kuhusu hilo, kisha akakubali.

Katika ukaguzi huo kulizuka pia suala la wanawake wawili wa Kabale wenye maduka jirani, ambao husafiri pamoja na huonyeshana ankara. Mmoja alipata saruji kwa bei ya chini kuliko mwenzake. Sababu ilikuwepo, kwani yule wa kwanza hulipa taslimu na mwenzake huchukua siku 30, lakini hakuna aliyewahi kuwaeleza. Tulipowaeleza, yule wa mkopo alifikiri kidogo, akauliza akilipa nusu taslimu atapata nini. Hatukuwa na kanuni ya nusu. Sasa tunayo. Kutokana na mazungumzo yale tulikubaliana kwamba bei yoyote ambayo keshia hawezi kuieleza mbele ya mteja mwingine haiingii kwenye mfumo. Bei tatu ziliondolewa kwa kipimo hicho, na moja kati yake ilikuwa ya ndugu wa karibu wa Haji, ambaye sasa hupewa zawadi yake kwa mkono wa Haji mwenyewe, nje ya ankara.

Keshia bado anaweza kubadilisha bei kwenye kaunta. Watu wengine walitushauri tufunge kabisa, tukakataa, maana mtu hufika na mfuko uliochanika au na msiba nyumbani, na kaunta isiyoweza kuinama humvunja moyo. Tuliweka kikomo cha asilimia 2, na nafasi ya kuandika sababu ambayo haiwezi kuachwa wazi. Kila Jumamosi, tukimaliza bei elekezi, Hajati huzisoma sababu hizo moja baada ya nyingine. Sababu ikijirudia mara nyingi, tunajua kwamba hapo panahitajika kanuni.

Hajati alisafiri tena mwaka uliofuata. Safari hii duka halikusimama, na mteja wa Arua, ambaye alikuwa amerudi kwetu, alipata bei yake bila kuuliza. Desemba ilipofika tulimpigia simu mama wa Kasese kama Haji alivyoagiza. Duka lake lilikuwa limesimama vizuri. Hajati alimweleza kwamba bei ya mafuriko inakwisha tarehe 31, na kwamba kuanzia Januari atauziwa kama wateja wengine wanaopelekewa mzigo. Yule mama alikaa kimya kwenye simu, kisha akasema hakuwahi kujua kwamba ilikuwa bei ya mafuriko. Siku zote alidhani ndiyo bei ya mabati. Akaagiza mabati 80, na akaomba yaandikwe kwa bei mpya tangu siku hiyo.

Ule mstari wa zamani haujafutwa. Bado upo kwenye orodha, umekwisha muda wake, na kwenye nafasi ya sababu Hajati ameandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa: NYAMWAMBA, MEI 2020.